Mwenye Shuka Nyuma ya Sabina

Poli, 13 Januari 2025

Kwa mpiga picha Reginald, Njiro.

Mimi ni Elirehema Sumari wa Poli. Nachimba mitaro, nabeba zege, napasua mawe. Barua siyo kazi yangu. Naandika kwa sababu simu yangu ni ya tochi, haionyeshi picha, na nikiongea na simu napiga kelele mpaka jirani anajibu. Halafu maneno ya simu yanapotea. Ya kwako nataka uyaandike na uweke saini.

Nimekuta picha ya mke wangu Sabina. Ilikuwa kwenye sanduku lake la vitenge, chini kabisa. Nyuma ina muhuri wako. Siitumi. Nakueleza ilivyo.

Sabina anaonekana kuanzia kifuani. Kitenge cha bluu, kilemba cha bluu. Uso unaonekana mpaka kovu la kuku alilopata utotoni. Meno yote nje. Mimi meno hayo sijayaona siku nyingi.

Nyuma yake hakuna kitu. Ukungu. Kijani ya ukungu, kijivu ya ukungu. Lakini begani kwake, mkono wa kushoto, kuna kitu chekundu. Kimesimama. Urefu wake ni wa mtu. Mimi nimekaa na Waarusha maisha yangu yote, shuka naijua hata uniwekee ndani ya moshi.

Sasa jibu. Ni nani huyo? Ilikuwa wapi? Lini? Na nani alikuambia umfute?

Mke wangu hajui kama nakuandikia.

Barua inaletwa na binti yangu Ndeshi, anauza ndizi sokoni Kwa Mrombo. Bahasha nimeifunga kwa ugali. Ikifunguliwa njiani nitajua. Ya kwako funga hivyo hivyo.

Elirehema Sumari


Poli, 13 Januari

Ndeshi,

Bahasha iko katikati ya mkungu wa ndizi mshare. Ipeleke Njiro. Mwachie msichana wa mlangoni, ondoka. Ukimkuta mwenyewe, usimwambie mama yako amekufa. Nataka aseme akidhani mama bado anaweza kumsikia.

Usiniulize ni nini.

Wajomba zako waambie Jumamosi wasije. Najua tumekubaliana kujengea kaburi kabla ya masika. Najua mchungaji ameshaambiwa. Saruji ipo ndani, haijaguswa. Lakini mimi sijengi kaburi la mtu nisiyemjua.

Baba


Njiro, 17 Januari 2025

Mzee Sumari, shikamoo.

Nimefurahi kupata barua ya mkono. Nilidhani ni ya kanisani. Ugali umeshika vizuri, nimetumia kisu.

Mama Ndeshi namkumbuka sana. Nilikuwa mteja wake wa ndizi pale Kwa Mrombo, siku hizi sipiti huko. Alisema anataka picha moja nzuri, atanilipa kwa mkungu, nikamwambia sawa. Ilikuwa Julai mwaka jana. Nilikuwa naenda Momela kupiga picha za wageni, akaomba lifti. Picha ile tumeipigia njiani, kabla ya kufika geti la hifadhi.

Mzee, sikumfuta mtu. Ngoja nikueleze. Ndani ya lenzi kuna tundu. Sisi tunaliita apecha. Linafunguka na kufunga kama mboni ya jicho la paka: gizani inatanuka, juani inabaki mstari. Ukilifungua sana, mwanga unaingia mwingi, lakini kamera inaona vizuri kitu kimoja tu, kile ulichokilenga. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake kinayeyuka. Ukilifunga likawa dogo, vyote vinaonekana, wa karibu na wa mbali.

Siku ile kulikuwa na ukungu wa Julai, mlima hauonekani, mwanga kidogo. Nikalifungua mpaka namba 1.8, ambayo ndiyo tundu kubwa kabisa kwa lenzi yangu. Uso wa mama ukatoka kama ulivyouona. Nyuma ikayeyuka. Ndiyo uzuri wake, watu wa harusi wanaupenda.

Mwambie picha yake ya pili iko hapa, kubwa, nimeshaitia fremu. Alisema atakuja kuichukua mwenyewe, nisimpe mtu. Imekaa hapa mpaka msichana wangu wa mapokezi anaisalimia asubuhi.

Msalimie sana.

Reginald


Poli, 21 Januari 2025

Reginald,

Marahaba.

Kwanza gari. Mke wangu amepanda gari lako, na mimi nasikia leo kwa barua.

Pili Momela. Julai nzima mimi nilikuwa Momela. Nilikuwa kwenye mitaro ya barabara ile ile, kabla ya geti. Kwa hiyo mlipita mbele yangu. Mlisimama, mkapiga picha, mkacheka, na mimi niko mtaroni na chepe. Hakuna aliyeniambia habari za asubuhi.

Tatu. Nimeuliza mtu wa hapa mwenye kamera ya simu habari ya tundu. Hajui tundu. Anasema kwenye simu yake unabonyeza tu, nyuma inafutika. Kwa hiyo inafutwa. Wewe unasema haifutwi, inayeyuka. Mimi nimefanya kazi na mafundi wengi. Fundi akikosea anasema ukuta umepumua.

Na namba zako. Unasema tundu kubwa kabisa ni moja na nukta. Dogo je, ni ngapi? Usiniambie ni kubwa zaidi. Namba ndogo tundu kubwa, hiyo ni hesabu ya mwizi.

Nne ndiyo kubwa. Picha ya pili ipi? Kwa nini asipewe mtu? Mtu ni nani, mimi?

Siku gani ya Julai? Mwezi ule alitoka siku moja tu, akasema anaenda kliniki Tengeru kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Alirudi jioni. Alikuwa jikoni anacheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema moshi.

Moshi hauchekeshi.

Mpe Ndeshi hiyo picha ya pili.

E. Sumari


Njiro, 25 Januari 2025

Mzee wangu, shikamoo tena.

Tarehe kamera inajiandikia yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, 18 Julai. Nilimchukulia Tengeru, kweli alikuwa anatoka hospitali, kadi ilikuwa mkononi. Kwa hiyo hakukudanganya.

Namba: ndiyo, tundu dogo ni 16. Na mimi nilipojifunza nilikasirika kama wewe. Mwalimu wangu alisema, fikiria chapati. Ukiigawa kwa wawili unapata kipande kikubwa. Ukiigawa kwa kumi na sita unapata cha kumwonjesha mtoto.

Hutaki kuniamini, basi jaribu mwenyewe. Chukua karatasi ngumu, toboa kwa mwiba, katundu kadogo sana. Simama mlangoni mchana kwenye mwanga. Shika kitabu chenye maandishi madogo, ambayo macho yako hayasomi tena. Weka katundu jichoni. Utasoma. Hakuna aliyefuta wala aliyeandika, ni tundu tu limekuwa dogo.

Picha ya pili sitaitoa, nisamehe. Ni neno nililompa mama. Hata mke wangu akiniuliza habari za mteja simwambii. Yule wa nyuma anaonekana vizuri kwenye hiyo ya pili. Jina lake mama aliniambia. Lakini siyo langu kulisema, ataniua.

Kwa nini usimuulize mwenyewe? Kaa naye jioni, muulize, "Yule mwenye shuka ni nani?" Mzee, nakuhakikishia atacheka.

Reginald


Poli, 30 Januari 2025

Reginald,

Nimefanya. Nimechana mfuko wa saruji wa zamani, nimetoboa kwa mwiba wa mchongoma. Nimesimama mlangoni na kitabu cha nyimbo cha Sabina. Herufi zake ni kama sisimizi, sijazisoma tangu nilipoacha kusoma. Nikaweka katundu jichoni.

Nimesoma. Ubeti mzima. Nikafungua kwingine, nikasoma.

Sawa. Kwenye hilo husemi uongo.

Halafu nikachukua picha. Nikamwangalia mwenye shuka kwa katundu hako hako. Nikakasogeza mbele, nikakarudisha nyuma. Nikatoboa kengine kadogo zaidi. Ukungu. Shuka ni ukungu na kichwa ni ukungu. Kwa nini kitabu kinafunguka na picha inakataa? Kwenye kitabu hakuna aliyeficha kitu. Kwenye picha yupo.

Hutaki kusema jina, nitasema mimi. Loishiye.

Humjui au unamjua, nakueleza. Mwarusha, nyumbani kwao ni upande wa pili wa mlima. Alikuwa mlinzi wa mitambo ya barabara Momela mwaka jana. Ana shuka nyekundu yenye mstari mweusi. Tulikula naye wote sufuria moja. Sabina alipougua alileta maziwa. Kila asubuhi, kibuyu, kutoka kwao mpaka kwangu, mbali kote huko. Mimi nikasema rafiki ndiyo huyu. Sasa najiuliza, maziwa yale yalikuwa ya nani?

Juzi amekuja na mchanga, punda wawili wamebeba. Akasema, "Nimesikia unajengea." Sikumfungulia. Nikamwambia mchanga wako ni mchafu. Akasema, "Elirehema, mchanga wa mtoni unachekechwa, hautukanwi." Akashusha magunia nje ya geti, akakaa juu yake mpaka jua likazama. Akaenda. Jana akaja akakaa tena.

Mtu asiye na kosa anakaa getini kwa mtu siku mbili?

Unasema nimuulize Sabina, atacheka. Ameshacheka. Yuko hapa mezani anacheka saa hizi, kwenye picha yako. Hanijibu.

Nipe picha. Usiponipa nakuja Njiro mwenyewe, na sisemi nakuja kufanya nini.

E. Sumari


Kwa Mrombo, 3 Februari 2025

Kaka Reginald, habari za kazi.

Naitwa Ndeshi, wa Mzee Sumari. Ndiyo mimi naleta zile bahasha. Baba alinikataza kukuona na kukuongelesha, ndiyo maana nakimbiaga. Hii ya leo nimeifungua. Nimesoma. Sijawahi kufungua barua ya baba maisha yangu yote, lakini nilimwona uso wake alivyonipa.

Kaka, mama amefariki. Alifariki mwezi wa kumi. Ilikuwa kansa ya tumbo.

Najua hukujua. Baba hakutaka ujue. Alitaka kukutega. Ile "muulize, atacheka" uliyoandika, wewe ulikuwa unatania. Yeye ameisoma karibu na kaburi lenye msalaba wa mbao.

Nakueleza hali ilivyo. Kwetu mtu akizikwa, nguo zake zinagawiwa ndugu, halafu kaburi linajengewa kwa saruji, watu wanakula, mchungaji anaomba. Hapo ndiyo unasema nimemaliza na marehemu wangu. Baba alikuta picha yako siku anatoa vitenge awape mama wadogo. Akarudisha vitenge kwenye sanduku. Hajagawa hata kimoja. Wajomba wanauliza, anawakatia. Saruji iko chumbani kwake, na juzi imenyesha, nyumba yetu inavuja upande ule. Mfuko wa chini umeanza kushika.

Na Mzee Loishiye bado anakuja. Nilimpita Jumapili, nikamwamkia, akaniambia, "Mtoto, baba yako ana hasira ya nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nitakaa mpaka imjue mwenyewe."

Mimi siamini hayo ya mama. Lakini na mimi nimemuona huyo mwekundu kwenye picha, na sijui ni nani. Nikilala namuona.

Sasa naomba kitu kimoja. Kama hiyo picha ya pili ni mbaya, ichome, niambie mimi peke yangu, nitajua la kumwambia baba. Kama siyo mbaya, mpe aione kabla saruji haijawa jiwe.

Bahasha nitaifunga tena na ugali. Usimwambie.

Ndeshi


Njiro, 6 Februari 2025

Mzee Sumari,

Pole. Sina namna nyingine ya kuanza. Nimeambiwa na mtu wa sokoni kwamba Mama Ndeshi hayupo. Nimesoma barua zangu upya na nimeona aibu. Nisamehe kwa kila mahali nilipoandika msalimie.

Picha hii hapa, Ndeshi ameibeba na fremu yake. Kabla hujaifungua karatasi, soma kwanza ilivyokuwa, maana sasa siyo siri tena.

Siku ile nilimuuliza mama, picha ni ya nini, ya kipaimara? Akasema, "Ya kunitangulia." Nikadhani ananitania. Nikamwambia, mama, wewe wa kutanguliwa na picha mbele ya jeneza leo? Akasema, "Siyo leo." Nilijua anatania kwa sababu alikuwa anacheka.

Tukafika kwenye mitaro. Akaniambia nisimamishe gari mbali kidogo na nisipige honi. Kulikuwa na greda linanguruma, hakuna aliyetusikia. Nikapiga ile ya kwanza, tundu wazi, uso wake. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Hiyo ni ya watu. Sasa nipige yangu. Huyo nyuma mbona umempoteza? Huyo ndiyo nimemfuata."

Nikamwambia nikitaka naye aonekane lazima nifunge tundu, na nikifunga, kwa mwanga ule, kamera inahitaji muda mrefu kidogo. Anayetikisika anaharibika. Nikaweka kamera juu ya boneti, tundu 16. Mama akasimama kama nguzo. Lakini yule wa nyuma alikuwa anachimba, mkono unapanda unashuka, ikawa haiwezekani. Nikasema nimwite asimame. Akanishika mkono. "Ukimwita atakimbia. Tumsubiri achoke."

Mzee, tulisubiri. Mvua ya manyunyu ikaanza, mama hakuondoka. Kila yule akiinua chepe, mama anasema, "Bado." Mwisho akasimama, akaegemea mpini. Mama akasema, "Sasa." Ndiyo hiyo.

Kwenye gari aliniambia nisikupe wewe hasa. "Nitakuja kuichukua siku nikiwa tayari kumwambia." Nikauliza, usipokuja? Akasema, "Ile ndogo naiweka chini ya vitenge. Ataiona. Yule mtu akishuku kitu hali wala halali, ataitafuta hii mpaka aipate. Akija kuiulizia na mimi sipo, mpe." Nilidhani kutokuwepo ni kusafiri.

Kuhusu katundu ka mwiba: kanasaidia jicho, hakasaidii picha. Picha ikishapigwa, tundu lilivyokuwa dakika ile ndivyo litakavyobaki. Haliongezwi wala halipunguzwi.

Fungua sasa.

Reginald


Poli, 10 Februari 2025

Ndeshi,

Barua yangu ya tarehe thelathini uliifungua. Kijana wa picha ameniambia habari za mtu wa sokoni. Nikajua. Nikamtumia neno anirudishie bahasha. Mimi nilifunga kwa ugali wa dona. Imerudi na wa sembe.

Tutaongea. Siyo leo.

Waite wajomba zako. Waambie saruji imebaki mifuko minne mizima, mmoja umekuwa jiwe, tutaupasua uwe kokoto. Mama zako wadogo waje kuchukua vitenge. Cha bluu kibaki.

Loishiye haonekani getini wiki hii. Mtafute kule sokoni siku ya mnada, ukimkuta mwambie asiende popote. Nakwenda kwake mimi.

Baba


Poli, 17 Februari 2025

Reginald,

Nilifungua karatasi nje, kwenye mwanga. Ndeshi alitaka kuangalia na mimi, nikamwambia asimame kule.

Nilianza na shuka, sikumwangalia Sabina. Safari hii inaonekana yote. Mstari mweusi upo. Kiraka cha kijani chini, alipounguzwa na makaa, kipo. Ni ya Loishiye, sikukosea. Nikasema nimewapata.

Halafu nikapanda juu. Kichwani ana kofia ya sufu, ya zambarau, kishungi kimekatika upande. Waarusha hawavai kofia hiyo. Hakuna mtu duniani anavaa kofia hiyo. Sabina aliifuma mwenyewe, uzi ukaisha, akamalizia na wa rangi nyingine.

Iko kichwani kwangu ninapoandika.

Nilikaa chini.

Julai ile baridi ilikuwa mbaya. Asubuhi moja sikuwa na koti, Loishiye akavua shuka akanifunga kama mtoto, yeye akabaki na koti la ulinzi. Akasema Mmeru akifia Momela nitaandika maelezo mimi. Jioni nikamrudishia. Nikasahau. Kitu kama hicho nani anakumbuka? Naye yupo kwenye picha yako, mbali, karibu na greda, na koti lake, anaota moto. Ile ya kwanza ilimmeza kabisa.

Kwenye picha nimempa mgongo Sabina. Yeye yuko mbele, manyunyu yako kwenye kilemba, na kidole gumba kinaonyesha nyuma. Kinanionyesha mimi. Ile ndogo mkono ulikuwa haupo, ulikata kifuani.

Tumeoana miaka mingi, hatuna picha hata moja ya wawili. Kosa ni langu, kamera siipendi, ikitokea natoka. Siku ya harusi ya mdogo wake aliniita na kila mtu anasikia, "Baba Ndeshi, njoo tusimame!" Nikaenda kuangalia ng'ombe. Siyo wangu.

Kwa hiyo alijua anaumwa nini, na kadi ilikuwa mkononi. Mimi akaniambia vidonda. Nimekasirika kwa hilo, sikufichi. Mpaka mwezi wa kumi ananiambia vidonda, mimi napika uji. Huko kwenye gari lako alisema, kwangu hakusema. Hilo halijaisha na sijui litaisha lini. Lakini ni ugomvi wa mtu na mke wake, naujua, na wewe haukuhusu.

Nilikwenda kwa Loishiye. Nilitembea, nilitaka nifike nimechoka. Alikuwa anachunga mbuzi. Sikujua naanzaje. Nikamwambia, "Nimekuja kuazima shuka." Akaniangalia. Akasema, "Baridi haijaanza." Nikasema, "Najua." Akasema, "Elirehema, ulisema mchanga wangu ni mchafu." Nikasema, "Mchanga wako ni mzuri." Akaendelea kuniangalia. Akasema, "Na mimi je?" Nikatoa picha kwenye mfuko, nikampa. Akaangalia muda mrefu. Akacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Akasema, "Huyu mjinga amevaa nguo yangu!"

Hakuuliza nilikuwa nafikiria nini. Anajua. Alinipa maziwa, nikanywa.

Sasa sikiliza. Tunajengea Jumamosi tarehe nane Machi, saa nne. Uje na kamera. Unakuja Poli unauliza kwa Elirehema wa zege, utaonyeshwa. Mkungu wako upo, tena mshare, Ndeshi atakuchagulia.

Watasimama wajomba zake, mama wadogo na vitenge vyao, mchungaji, Ndeshi, Loishiye. Msalaba wa saruji nyuma, migomba nyuma yake, na mlima kama ukitoka. Nataka vyote. Usimyeyushe mtu. Weka kamera juu ya kitu, funga tundu mpaka kumi na sita. Kabla hujapiga nionyeshe namba, nakuamini lakini nionyeshe.

Nitavaa shuka ya Loishiye na kofia ya Sabina. Nitakuwa pale alipokuwa anaonyesha, upande wa kushoto.

Chukua muda wako wote, sitikisiki.

Safari hii nitageuka.

Elirehema Sumari